Mafahali Wawili Katika Waya Mmoja

Kuna kifaa kidogo cha chuma, chenye kutoshea kiganjani, ambacho kimezua ugomvi katika nyumba nyingi za mijini. Madukani hukiita splita. Kina tundu moja la kuingizia waya wa dishi na matundu mawili au zaidi ya kuutolea. Mnunuzi huambiwa kwamba kwa kifaa hicho dishi moja litatosheleza runinga ya sebuleni na ile ya chumbani. Kwa sehemu kubwa, ahadi hiyo haina ukweli.

Mimi ni mwanaisimu, si fundi wa mitambo. Hata hivyo, nashikilia kwamba nusu ya tatizo hili ni la lugha. Kiswahili hutofautisha kugawana na kugawanya. Wanaogawana hupatana, kila mmoja akaondoka na haki yake. Kinachogawanywa hupungua. Neno splita halimfunulii mnunuzi lolote kati ya hayo, naye hujichagulia maana inayompendeza.

Mazoea nayo yamechangia. Antena ya kawaida juu ya paa huteremsha stesheni zote kwa pamoja katika waya mmoja, na kila runinga hujichagulia iitakayo. Ndivyo ilivyokuwa kabla ya matangazo ya analogia kuzimwa nchini mwaka 2015, na ndivyo ilivyo hadi leo. Ukiugawanya waya huo, kinachopungua ni nguvu tu.

Dishi lina mwenendo mwingine. Mbele yake hukaa kipokezi ambacho mafundi hukiita LNB. Mawimbi ya setilaiti huja kwa mikao miwili, wa wima na wa mlalo, na kila mkao una masafa ya chini na ya juu. Jumla ni mafungu manne, na waya wa LNB ya kawaida hubeba fungu moja tu kwa wakati mmoja. Anayeamua fungu lipi literemke ni king'amuzi. Hicho hupandisha amri kupitia waya uo huo: volti 13 kuagiza mkao wa wima, volti 18 kuagiza wa mlalo, na mlio wa kilohezi 22 kuagiza masafa ya juu.

Sasa tia splita. Baba sebuleni ataka taarifa ya habari iliyo katika mkao wa wima. Watoto chumbani wataka kandanda iliyo katika mlalo. LNB ni mtumishi mmoja aliyepewa mabwana wawili. Kwa kawaida volti za juu hushinda, na habari za baba hutoweka. Ziko splita ambazo hupitisha umeme upande mmoja tu. Hapo king'amuzi cha pili hubaki mtumwa wa cha kwanza. Aidha, kila upande hupata nusu ya nguvu, au pungufu ya hapo, na waya ukiwa mrefu picha huanza kukatika.

Jirani yangu mmoja, mama muuza mboga, alinunua splita tatu kwa zamu, akiamini kwamba kila moja ilikuwa mbovu. Hapakuwa na mbovu hata moja. Zote zilifanya kazi yake barabara. Aliyemuuzia ndiye hakumweleza ni kazi gani. Kwa mtu wa kipato chake, hilo si jambo dogo.

Dawa ipo. Nyumba yenye ving'amuzi viwili yahitaji LNB yenye matundu mawili, na kila king'amuzi kivutiwe waya wake. Ziko pia zenye matundu manne. Kwa majumba ya kupangisha yenye wapangaji wengi, kuna swichi maalumu ambayo hupokea mafungu yote manne na kumpa kila mpangaji lile aliloliagiza. Na kwa matangazo ya kulipia, hakuna waya utakaokuondolea ada.

Napendekeza kifaa hiki kiitwe kigawanyi. Jina hilo lingemnong'onezea mnunuzi kwamba hapa kuna kupungua. Waagizaji wa bidhaa nao waweke ndani ya kila pakiti karatasi ya maelezo kwa Kiswahili. Wahenga walikwisha kutuonya kwamba mafahali wawili hawakai zizi moja. Kabla hujalipa, ndugu msomaji, muulize mwenye duka: je, hiki kitanipa mazizi mawili, au kitanigawanyia hili moja nililo nalo?