Bendera za mbio za magari na matawi ya barabara ya Kyela

Msafiri anayeshuka kutoka Tukuyu kuelekea Kyela huijua alama hii tangu utotoni: matawi mabichi yaliyolazwa juu ya lami kabla ya kona. Hayana maandishi, wala hakuna dereva anayeuliza maana yake. Mbele kuna lori limeharibika. Anayeyadharau huenda akajikuta chini ya tela.

Tuliyakumbuka matawi hayo vijana wetu walipotuuliza juu ya bendera wanazoziona katika runinga wakati wa mbio za magari. Swali lao ni jema, kwani lugha hizo mbili ni ndugu.

Katika viwanja vya mbio, wasimamizi wenye bendera hupangwa kandokando ya njia. Ya njano humwambia dereva kuna hatari: apunguze mwendo na asimpite mwenzake. Zikipepea mbili pamoja, awe tayari kusimama. Ya kijani humwarifu kuwa hatari imekwisha, na nyekundu husimamisha mbio. Bluu humtaka aliyeachwa nyuma ampishe mwenye kasi anayemfikia. Ya njano yenye mistari myekundu huonya kuwa njia inateleza. Ya miraba myeusi na myeupe kila mtoto anaijua. Lakini ipo nyeusi yenye duara la rangi ya chungwa, ambayo huoneshwa pamoja na namba ya gari: gari lako ni bovu na ni hatari, ingia kwa mafundi mara moja. Hiyo tungependa sana kuiona katika vituo vyetu vya mabasi.

Safari Rally, iliyoanza mwaka 1953 ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika, haikuwa ya uwanjani. Bert Shankland wa Tanzania aliishinda mwaka 1966 na 1967 kwa Peugeot 404, katika barabara zilezile za mabasi, baiskeli na ng'ombe. Baadaye timu kubwa zilitumia helikopta kutangulia na kuonya.

Katika mbio za namna hiyo leo, kila gari hubeba karatasi yenye OK ya kijani upande mmoja na SOS nyekundu upande wa pili. Aliyekwama huweka pia pembetatu nyekundu nyuma ya gari, angalau mita 50, ili wanaokuja waione mapema. Anayefuata akiona SOS, au akikuta ajali kubwa isiyo na alama yoyote, ni lazima asimame asaidie, hata kama ndiye anayeongoza. Muda alioupoteza hukadiriwa na kurudishiwa. Akipita bila kujali, huadhibiwa.

Sasa turejee kwetu. Lori likishatengenezwa huondoka, lakini matawi hubaki, na vibaya zaidi, hubaki mawe yaliyozuia matairi. Usiku mwenye bodaboda huyagonga. Tena kuna madhara yasiyoonekana: bendera ya njano ikiachwa inapepea siku nzima pasipo hatari, nani ataiamini kesho? Dereva aliyekuta matawi matupu mara tatu hatapunguza mwendo mara ya nne, na pengine hiyo ndiyo siku lori lipo.

Sisi tuliofundishwa tangu madrasa kuwa kuondoa udhia njiani ni katika imani hatuna udhuru katika hili. Mawe yaondolewe kabla injini haijawashwa. Utingo mmoja huimaliza kazi hiyo kwa dakika chache, na tajiri wake amsubiri.