Upepo na Maji Huja Pamoja

Watu wa Kangeta, katika vilima vya Nyambene, hawajapata kupigwa na kimbunga cha bahari, wala si kwa sababu ya umbali wa pwani peke yake. Kimbunga hupata mzunguko wake kutokana na kuzunguka kwa dunia, na karibu na mstari wa Ikweta, ambao hauko mbali na soko lao, nguvu hiyo ni hafifu mno. Mombasa nayo, iliyo nyuzi 4 tu kusini ya mstari huo, hupata kinga hiyo kwa kiasi. Kusini zaidi kinga hupungua. Unguja ilipigwa Aprili 1872, mikarafuu ikang'oka na merikebu za Seyyid Barghash zikavunjika. Lindi ilipigwa Aprili 1952. Na mwezi wa Mei 2024 kimbunga kilichoitwa Hidaya kilifika Mafia. Basi mtu wa Kangeta mwenye mtoto afanyaye kazi pwani, au apelekaye miraa huko, yafaa ajue jinsi hatari hii inavyopimwa.

Wengi huuliza habari za upepo tu. Lakini kimbunga husukuma bahari ipande nchi kavu, na wakati huo huo mvua yake hujaza mito. Mto ukifika mdomoni hukuta bahari imeinuka, nao hurudi nyuma ukafurika mjini. Nyumba imara ya mawe iliyo bondeni ni kimbilio jema la upepo, na ni mtego wa maji. Wala hasara hizi hazijumlishwi kama shilingi. Nyumba iliyokwisha kubomolewa na upepo haibomolewi tena na maji. Bali barabara ikikatwa na maji, aliyejeruhiwa na bati hafikishwi hospitali.

Mfano ulio wazi ni Beira, katika Msumbiji, iliyopigwa na kimbunga Idai usiku wa tarehe 14 Machi 2019. Upepo uliezua nyumba mjini, kisha mito ya Buzi na Pungwe ikafurika. Watu zaidi ya 600 walikufa katika nchi hiyo. Hata hivyo Beira ilipata bahati ambayo mtu wa bara hawezi kuitambua upesi. Mwezi ukiwa nusu, bahari hupanda kidogo, na watu wa pwani huita maji mafu. Ukiwa mpevu au mwandamo hupanda sana, ndiyo bamvua. Idai ilikuja wakati wa maji mafu. Mwezi mpevu ulikuwa tarehe 21, na kama kimbunga kingalichelewa juma moja, upepo ule ule ungaliiingiza bahari mjini zaidi.

Siku za bamvua hujulikana mapema, na Mamlaka ya Bandari ya Kenya huchapisha majedwali ya maji. Hata pasipo kimbunga, mvua kubwa ikikutana na bamvua, maji ya mifereji iliyo chini hukosa njia ya kutokea baharini. Mfanyabiashara akodiye ghala Mombasa na aulize kwanza maji ya bamvua hufika wapi, ndipo atazame misumari ya paa.