Sigara ya Umeme: Chombo Kinachomgeuza Mvutaji Kuwa Fundi

Meja mmoja mstaafu, ambaye wengi wetu tuliopitia shule ya kadeti twamheshimu kama baba mzazi, anaweka nyumbani kwake kopo la bati ambalo hapo zamani lilikuwa la biskuti. Hivi karibuni tulipokwenda kumjulia hali, alilifungua kopo hilo, akatandika gazeti mezani, kisha akapanga juu yake vipande vya chuma na plastiki kwa utaratibu ule ule aliotufundishia kupanga sehemu za bunduki wakati wa kuisafisha. Palikuwa na betri mbili nyembamba zenye umbo la sigara, vichwa vitatu vya kupashia moto, chaja, sindano ya kushonea, na vifuko vidogo vya plastiki visivyozidi ukubwa wa ncha ya kidole.

"Hii ndiyo sigara yangu ya umeme, wanangu," alisema. "Niliinunua mwaka 2009 nilipokuwa masomoni ng'ambo, nikidhani kwamba nitaacha kuvuta. Sikuacha kuvuta. Nikawa fundi."

Tulicheka, naye akacheka. Lakini habari aliyotusimulia baada ya hapo ilitufanya tuone kwamba inafaa kuwafikia wenzetu wa jeshi na polisi, kwani askari arudiye kutoka kazini nchi za nje aweza kuwa na chombo hiki mkobani mwake, na askari polisi wa mpakani aweza kukikamata pasipo kujua alichoshika mkononi.

Fikra ya sigara ya umeme si ngeni kama inavyodhaniwa. Mwaka 1963 Mmarekani aitwaye Herbert A. Gilbert, wa mji wa Beaver Falls katika jimbo la Pennsylvania, aliomba hataza ya sigara isiyo na moshi wala tumbaku, akapewa mwaka 1965; lakini chombo chake hakikuingia sokoni. Ilipita miaka karibu 40 kabla mfamasia wa Kichina, Hon Lik, hajabuni mwaka 2003 chombo kilichofika madukani. Bwana huyo mwenyewe alikuwa mvutaji, na baba yake alifariki kwa saratani ya mapafu. Kufikia mwaka 2007 bidhaa hiyo ilikwisha kuvuka bahari hadi Ulaya na Marekani, na viwanda vya mji wa Shenzhen, kusini mwa China, ndivyo vilivyokuja kuwa chimbuko la vyombo vingi vya namna hii vinavyouzwa duniani.

Zile za awali, kama ya mzee wetu, zilikuwa na sehemu tatu. Ya kwanza ni betri ya lithiamu, yenye taa ndogo nchani mwake ya kuigiza kaa la moto. Ya pili ni atomaiza, yaani kile kichwa chenye waya mwembamba unaopata moto. Ya tatu ni katriji, kifuko anachotia mvutaji mdomoni, ambacho ndani yake hushindiliwa sufi ya plastiki iliyoloweshwa kimiminika cha nikotini, gliserini na propilini glaikoli. Atomaiza ina daraja dogo la wavu wa chuma linalochomoza na kuigusa sufi ile. Kimiminika hupanda kwenye daraja kama mafuta ya taa yapandavyo katika utambi wa kandili, hufika kwenye waya, nao waya hukigeuza kuwa mvuke.

Basi hapo kwenye sufi ndipo penye kisa chote. Mtu atazamaye chombo hiki kwa mara ya kwanza hudhani kwamba mambo makubwa yamo katika betri na umeme. La hasha. Kipande cha sufi kisichozidi punje ya harage ndicho kilichomtesa mzee wetu kwa miaka mitano.

Sufi ikishindiliwa mno, kimiminika hakisogei. Sehemu iliyo jirani na daraja hukauka baada ya mivuto michache, ilhali nyuma yake kungali kumelowa. Na mvutaji, asipopata mvuke, huvuta kwa nguvu zaidi, waya ukazidi kupata moto pasipo kitu cha kuupoza. Ndipo koo hupigwa na ladha ya kuungua ambayo Meja aliifananisha na kulamba sufuria iliyoungulia ugali. Sufi ikiwa legelege, hutokea kinyume chake: kimiminika hutiririka chote kwa pamoja, atomaiza hufurika, mlio wa kugugumia husikika, na matone machungu ya nikotini huingia mdomoni. Wengi hudhani atomaiza imekufa, wakanunua nyingine. Dawa yake ilikuwa rahisi: kuitoa katriji, kupuliza atomaiza kwa nguvu juu ya kitambaa mpaka iishe majimaji, kuichambua sufi kwa sindano ili ipumue, na kuijaza tone kwa tone, ukingoja kila tone lizame kabla ya kutia jingine.

Mzee alituambia kwamba muuzaji aliyemwuzia hakumweleza hata neno moja katika hayo. Aliporudi dukani kulalamika, aliambiwa kwamba havuti inavyopasa. Basi akaanza kujitafutia njia. Siku zile wavutaji wa Ulaya na Marekani walikuwa wakifanya vivyo hivyo: wengine walitupa sufi ya kiwandani, wakatia sponji ya samawati ya kuchujia maji ya samaki wa kufugwa katika matangi ya vioo, wengine wakapasua vifuko vya majani ya chai, wakamwaga chai, wakaviringisha kile kitambaa na kukitia katika katriji. Mzee wetu alivijaribu vyote viwili. "Kifuko cha chai kilifanya kazi vizuri kuliko sufi ya kiwanda," alisema. "Sponji nayo siku moja iliungua. Nilichokivuta siku ile sikijui mpaka leo."

Tulipomwuliza aliwezaje kutofautisha kosa la sufi na kosa la betri, alitutazama kama mwalimu aulizwaye na mwanafunzi asiyesoma. Alisema alitumia kanuni ya mafundi wa redio za jeshi, kwamba hubadilishwi vitu viwili kwa wakati mmoja. Weka betri uijuayo kuwa nzima; kama mvuke haupatikani, weka atomaiza nyingine; kama bado, kosa limo katika katriji. Mara nyingi aligundua kwamba hakuna kilichoharibika, ila ile pini ya katikati inayopitisha umeme imechafuka, au imedidimizwa na mtu aliyekaza mno parafujo, hata haigusani na mwenzake. Pamba yenye spiriti na mkono mwepesi vilitosha. Betri za kujiwasha zenyewe kwa pumzi ya mvutaji zilikuwa na ila yake pia: kimiminika kikivuja na kupenya kwenye tundu lake, kile kifaa chepesi kinachohisi pumzi huharibika, na betri huweza kuwaka peke yake ikiwa mfukoni.

Jambo hili la mwisho si la mzaha. Tarehe 14 Mei, 2017, Jeshi la Maji la Marekani lilipiga marufuku vyombo hivi katika meli, nyambizi na ndege zake, baada ya mabaharia kuunguzwa na betri zilizolipuka. Januari 2019, katika mji wa Fort Worth, Texas, kijana mmoja alifariki baada ya chombo chake kulipuka na kipande chake kumkata mshipa mkubwa wa damu shingoni. Askari polisi anayekamata mzigo wa namna hii asiurundike kwenye ghala la vielelezo kama viazi. Betri zitengwe, ncha zake zifunikwe kwa utepe usiopitisha umeme, zisichanganywe na funguo, sarafu wala risasi, zisitobolewe, wala zisitupwe motoni. Chupa za kimiminika zishikwe kwa glavu, kwani nikotini hupenya ngozini. Na mtoto akiimeza, yaweza kumwua.

Kwa wale wanaosafiri kwa ndege kwenda na kurudi kazini, wakumbuke kwamba tangu mwaka 2015 Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga limekataza vyombo hivi kuwekwa katika mizigo ya tumbo la ndege, na limekataza kuvichaji ndani ya ndege. Tena, kanieneo ya hewa ipunguapo angani, hewa iliyomo ndani ya katriji hutanuka na kukisukuma kimiminika nje. Meja aliligundua hilo siku alipotua akiwa na doa kubwa la kahawia kwenye mfuko wa shati la sherehe. Na taa ile ya nchani? Atakayeiwasha usiku katika lindo ajue kwamba adui haulizi kama ni kaa la tumbaku au la umeme.

Tumesema habari za sufi. Je, kilicholowesha sufi hiyo ni nini? Mwaka 2009 Idara ya Chakula na Dawa ya Marekani ilipima katriji za kampuni mbili. Katika moja ilikuta daithilini glaikoli, kemikali yenye sumu. Katriji zilizoandikwa kwamba hazina nikotini, zote isipokuwa moja, zilikutwa nayo kidogo. Na katriji zenye lebo ile ile zilitoa viwango tofauti vya nikotini. Mwaka 2015 wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Portland State, Oregon, walionyesha kwamba kimiminika kikipashwa moto kwa volti 5 hutoa kemikali ya formaldihaidi, ilhali kwa volti 3.3 hawakuiona. Wenzao waliwapinga, wakisema kwamba hakuna mvutaji awezaye kuvumilia ladha ya kuungua ya kiwango hicho. Mzee wetu, aliyeivumilia sana ladha hiyo, alitikisa kichwa tu tulipomsimulia.

Katriji zinazojazwa vichochoroni ni mbaya zaidi. Kati ya mwaka 2019 na Februari 2020, Marekani iliandikisha watu 2,807 waliolazwa hospitalini au kufa kwa maradhi ya mapafu yaliyotokana na kuvuta vyombo hivi, na waliokufa walikuwa 68. Uchunguzi ulielekeza kidole hasa kwenye mafuta ya vitamini E, yaliyotiwa katika katriji za dondoo la bangi ili kulizidisha. Kwa macho, katriji ya namna hiyo haitofautiani na nyingine.

Hapa Uganda sheria haina utata. Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya mwaka 2015, iliyoanza kutumika Mei 2016, inakataza kuingiza nchini, kutengeneza, kusambaza na kuuza sigara za umeme. Kwa hiyo askari ajaye nazo kutoka ng'ambo kama zawadi kwa marafiki anavunja sheria aliyoapa kuilinda, hata kama huko alikotoka zinauzwa dukani kando ya peremende.

Hata hivyo hatupendi kuificha nusu ya habari. Huko Uingereza, jaribio lililotangazwa mwaka 2019 liliwahusisha wavutaji 886 waliotaka kuacha. Kati ya waliopewa sigara za umeme, asilimia 18 walikuwa wameacha tumbaku baada ya mwaka mmoja. Kati ya waliopewa viraka vya nikotini, ubani na mfano wake, ni asilimia 9.9. Lakini wote walipata ushauri wa ana kwa ana kila juma kwa muda wa majuma manne ya kwanza au zaidi, na vyombo vyao vilikuwa vya matangi ya kujazwa, si vya sufi kama cha mzee wetu. Tena, kati ya walioacha tumbaku kwa njia ya chombo hicho, asilimia 80 walikuwa bado wanakivuta mwaka ulipokwisha. Askari wetu hawezi kukinunua kihalali, na twaona kwamba afanye kile wale Waingereza walichofanya pamoja na chombo: aende zahanati ya kikosi, aketi na mganga, arudi tena juma lijalo.

Kwa maana kilichomshinda Meja si kukosa nia. Kila chombo kilipogoma saa nane ya usiku, sufi imekauka na betri inapepesa taa, alinyosha mkono kwenye pakiti ya sigara za kawaida aliyoificha nyuma ya redio, "ya dharura tu." Kufikia mwaka 2012 alikuwa anavuta zote mbili, za moshi na za mvuke, kwa siku moja. Mkewe ndiye aliyemwambia kwamba zamani nyumba ilikuwa na mvutaji mmoja, na sasa ina wawili.

"Ulimjibuje, mzee?" tulimwuliza.

"Nilimwambia tatizo ni sufi."

Aliacha mwaka 2014. Muuguzi wa zahanati alimwandikia siku katika daftari, naye akaenda kila Jumatatu kutia sahihi kama askari aliye chini ya adhabu, mfukoni ana karanga za kutafuna. Mara mbili alianguka, na mara mbili muuguzi alifungua ukurasa mpya pasipo kumkaripia.

Tulipokuwa tukiaga, alizifunga ncha za zile betri mbili kwa utepe mweusi wa umeme, akazitia katika bahasha, akatukabidhi tumpelekee fundi wa karakana ya mawasiliano azitupe kama inavyopasa. Katriji moja aliirudisha kwenye kopo. Tuliichungulia: sufi yake imekuwa ya kahawia na imekauka kama gome.