Sura ya Saba: Mkongwe, Mkataba na Bei ya Shaba

Tarehe 8 Novemba 2015, TP Mazembe waliifunga USM Alger mabao 2-0 katika uwanja wao wa Kamalondo, Lubumbashi, wakatwaa Ligi ya Mabingwa Afrika kwa mara ya tano. Mwezi Septemba mwaka huohuo, Glencore ilikuwa imesimamisha uzalishaji wa Kamoto Copper Company mjini Kolwezi kwa sababu bei ya shaba ilikuwa imeporomoka. Tani moja ilikuwa ikiuzwa karibu dola 10,000 mwanzoni mwa 2011. Kufikia mwisho wa 2015 haikufika hata dola 5,000.

Mashabiki wa Mazembe, yaani Kunguru, walishangilia habari ya kwanza. Mhasibu wa klabu yoyote ya ukanda wa shaba, kuanzia Lubumbashi na Likasi hadi Kolwezi, alipaswa kuzisoma zote mbili kwa pamoja. Mishahara mikubwa husainiwa siku za ushindi, wakati mfadhili ana furaha na pesa ipo. Hulipwa miaka inayofuata, wakati mchezaji ameongeza umri na huenda mfadhili amepungukiwa. Sura hii inaeleza jinsi mikataba ya wakongwe inavyogeuka mzigo, na jinsi ya kuutua bila kuivunja klabu.

Uzito unatoka wapi

Wengi hudhani tatizo ni umri. Sivyo. Robert Kidiaba alijiunga na Mazembe mwaka 2002. Mwaka ule wa taji la tano alikuwa na miaka 39 na bado alikuwa golikipa wa klabu hiyo. Hakuna aliyemwita mzigo. Mkataba huwa mzito pale mambo matatu yanapokutana: mshahara unaozidi kile mchezaji anachotoa uwanjani leo, miezi mingi iliyobaki, na klabu ambayo mapato yake yamepungua. Moja kati ya hayo likikosekana, mzigo hubebeka. Mkongwe ghali aliyebakiza miezi minne ni kero ndogo tu. Mkongwe ghali aliyebakiza miaka mitatu, katika klabu ambayo mfadhili wake ameondoka, anaweza kuizamisha.

Tuchukue klabu ya kubuni mjini Kolwezi. Ina wachezaji 28 na bajeti ya mishahara ya dola 60,000 kwa mwezi. Wakongwe watatu wanapokea dola 8,000 kila mmoja, jumla 24,000. Wachezaji 25 waliobaki wanagawana 36,000, yaani wastani wa dola 1,440. Asilimia 40 ya mishahara imekwenda kwa watu watatu. Sasa mmoja wao, mwenye miaka 34, anacheza mechi moja kati ya tatu, na amebakiza miezi 18. Klabu inadaiwa naye dola 144,000 ambazo bado hazijalipwa lakini tayari zimeahidiwa. Hesabu za klabu nyingi huonyesha mshahara wa mwezi huu tu. Hizo 144,000 hazionekani popote, na ndizo zitakazoamua kama kijana wa kikosi cha pili atapata mkataba mwakani.

Katika hoki ya barafuni ya Amerika Kaskazini, mzigo kama huo hauwezi kufichwa. Tangu 2005 ligi ya NHL imeweka kikomo cha jumla ya mishahara kwa kila timu, hivyo dola ya mkongwe ni dola iliyokatwa kwa mwingine. Mwaka 2006 New York Islanders walimpa golikipa Rick DiPietro mkataba wa miaka 15 wenye thamani ya dola milioni 67.5. Majeraha yakamwandama. Mwaka 2013 klabu ikaununua mkataba huo ili aondoke, kwa masharti ya kumlipa dola milioni 1.5 kila mwaka hadi 2029. Golikipa amekwisha kuondoka, mshahara umebaki.

Katika soka letu kikomo cha namna hiyo hakipo. Kinachotuzuia ni pesa taslimu, na pesa hiyo hubadilika ghafla.

Mfadhili mmoja, mikataba ishirini

Viingilio vya mlangoni, iwe Uwanja wa Dominique Diur wa Kolwezi au kwingineko, havitoshi kulipa kikosi cha kulipwa. Klabu huishi kwa mfanyabiashara, mwanasiasa au kampuni. Moïse Katumbi ameiongoza Mazembe tangu 1997. Utajiri wake ulitokana kwa kiasi kikubwa na kazi za migodini kupitia kampuni yake ya MCK, na kuanzia 2007 hadi 2015 alikuwa pia gavana wa Katanga. Katika miaka hiyo klabu iliweza kuwachukua nyota wa nchi jirani: Rainford Kalaba na Stoppila Sunzu kutoka Zambia, Mbwana Samatta na Thomas Ulimwengu kutoka Tanzania. Kisha, mwaka 2015, akaacha ugavana na kuiuza MCK. Mwaka 2016 akaenda uhamishoni, akarejea 2019.

Mazembe ilihimili kipindi hicho vizuri kuliko wengi walivyotarajia. Ilishinda Kombe la Shirikisho mara mbili mfululizo, 2016 na 2017. Lakini si kila klabu ina mizizi hiyo. Mwaka 2019 kampuni ya kamari ya SportPesa ilijiondoa kwenye ufadhili wa soka nchini Kenya baada ya mvutano wa leseni na serikali. AFC Leopards ya Nairobi ilikuwa na wachezaji wa kigeni na kocha Mnyarwanda, Casa Mbungo, ambao mikataba yao iliandikwa kwa hesabu za pesa za mfadhili huyo. Mishahara ikasimama, kocha akaondoka kabla ya mwaka kwisha, na baadaye madeni hayo yakafika FIFA. Klabu ikazuiwa kusajili.

Mfadhili anaweza kujitoa kwa barua moja. Klabu haiwezi kuwaaga wachezaji ishirini kwa barua moja.

Sheria inamlinda nani

Viongozi wengi huamini kwamba mchezaji asiyetakiwa anaweza kuchoshwa mpaka aondoke mwenyewe: ananyimwa namba, anafanyishwa mazoezi peke yake, mshahara unacheleweshwa. Njia hiyo ni ghali. Kanuni za FIFA huruhusu mkataba wa miaka isiyozidi mitano, na ndani ya muda huo pande zote mbili zimefungwa. Klabu ikishindwa kumlipa mchezaji mishahara ya miezi miwili, naye akaiandikia na kuipa siku 15 ilipe, muda huo ukipita bila malipo ana sababu halali ya kuvunja mkataba na kudai fidia. Unyanyasaji wenye lengo la kumlazimisha aondoke nao ni sababu halali. Klabu ikipuuza uamuzi wa FIFA inaweza kufungiwa kusajili hadi madirisha matatu mfululizo.

Kiongozi aliyedhani ameokoa mshahara wa miezi sita hujikuta anadaiwa wa mkataba mzima, na hawezi kusajili mbadala.

Kolwezi ililijua somo hili kabla ya soka

Mji wa Kolwezi una kumbukumbu chungu ya kuachana na wakongwe. Gécamines, kampuni ya madini ya serikali iliyozaliwa baada ya Union Minière kutaifishwa mwaka 1967, ilikuwa kwa wafanyakazi wake baba na mama: mshahara, nyumba, unga wa mahindi, shule ya watoto na hospitali. Katikati ya miaka ya 1980 ilizalisha zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka. Mwaka 1990 sehemu ya mgodi wa chini ya ardhi wa Kamoto ikaporomoka, machafuko ya kisiasa yakafuata, na baada ya miaka michache uzalishaji ukawa sehemu ndogo tu ya ule wa zamani. Orodha ya wafanyakazi haikupungua kwa kasi hiyo. Watu walibaki kazini miezi kwa miezi bila mshahara.

Suluhisho lililokuja mwaka 2003 liliitwa kuondoka kwa hiari. Kwa fedha za Benki ya Dunia, wafanyakazi 10,655 walipewa kitita cha mara moja wakatia saini ya kuondoka. Wengi walilalamika kwamba kitita hakikufikia malimbikizo waliyodai, na mwaka 2009 wafanyakazi wa zamani walipeleka malalamiko yao kwenye jopo la ukaguzi la Benki hiyo. Pamoja na mshahara, walipoteza shule na matibabu ya familia. Katika miji ya Gécamines madai hayo yaliendelea kuzungumzwa miaka mingi baadaye.

Kampuni ya madini si timu ya mpira, lakini kosa lina umbo lilelile. Gécamines ilichelewa kupunguza ahadi zake wakati ilikuwa bado na uwezo wa kulipa, kisha ikaachana na watu wakati haikuwa na kitu. Kuachana ukiwa na pesa ni mazungumzo. Kuachana ukiwa mikono mitupu ni ugomvi.

Milango mitano

Meneja mwenye mkongwe ghali ana milango mitano.

Wa kwanza ni kusubiri. Kama imebaki nusu msimu, kulipa na kumtumia kwa kiasi ndiyo njia ya bei nafuu. Wa pili ni kumuuza, lakini mlango huu hujifunga mapema: soko hununua miaka ijayo ya mchezaji, si mataji aliyokwisha kutwaa. Ndiyo maana aliyeuzwa Genk mnamo Januari 2016 alikuwa Samatta, mwenye miaka 23, mfungaji bora wa Ligi ya Mabingwa iliyotangulia. Wa tatu ni mkopo, ambapo klabu nyingine hulipa sehemu ya mshahara. Akipatikana anayelipa dola 3,000 kati ya zile 8,000, klabu yetu ya kubuni huokoa dola 54,000 katika miezi 18.

Wa nne ni kuununua mkataba kwa maelewano. Tuseme mchezaji wetu anakubali nusu ya anachodai, dola 72,000, kwa kuwa ataipata upesi na atakuwa huru kujiunga na klabu nyingine. Nafasi yake anapewa kijana wa dola 1,500 kwa mwezi, jumla 27,000 kwa miezi 18. Klabu inatumia 99,000 badala ya 144,000, na kijana anacheza. Hesabu hii husimama kwa sharti moja: zile 72,000 zilipwe kwa tarehe iliyoandikwa. Dawa ya deni ni kulipa. Zisipolipwa, klabu imempoteza mchezaji na kununua kesi.

Wa tano ni kumbadilishia kazi. Pamphile Mihayo, aliyewahi kuvaa jezi ya Mazembe, ndiye aliyeifundisha ilipotwaa Kombe la Shirikisho mwaka 2017. Mkongwe anayejua klabu kwa undani anaweza kuwa na thamani kubwa zaidi benchini kuliko katikati ya uwanja, ila si kila mchezaji ni mwalimu. Cheo cha kumfariji mtu hakipunguzi mzigo. Huuhamisha tu kwenye safu nyingine ya hesabu.

Mrithi aje kabla ya kuondoka kwa mrithiwa

Mwaka 2010 FIFA ilimfungia miezi 12 Trésor Mputu, mchezaji bora wa Mazembe, kwa kumshambulia mwamuzi kwenye mashindano ya klabu za CECAFA nchini Rwanda. Bila yeye Mazembe ilitwaa tena Ligi ya Mabingwa, kisha ikawashinda Pachuca ya Mexico na Internacional ya Brazil na kufika fainali ya Kombe la Dunia la Klabu dhidi ya Inter Milan. Wenzake, akina Alain Kaluyituka na Mulota Kabangu, walikuwa tayari. Klabu yenye watu walio tayari haikai mezani na mkongwe ikiwa imeshikwa pabaya, kwa maana inaweza kukataa bei yake.

Golini nako urithi ulipangwa. Kidiaba akiwa bado yupo, klabu ilimchukua Sylvain Gbohouo wa Ivory Coast, mdogo kwake kwa zaidi ya miaka kumi. Kwa muda fulani unalipa magolikipa wawili wazuri, na gharama hiyo ni ndogo kuliko kumwongezea mkongwe miaka mitatu kwa hofu ya kutokuwa na mwingine.

Kubadilisha kikosi kuna maumivu yake. Katika Kombe la Shirikisho la 2022/23 Mazembe ilifungwa na Yanga nyumbani na ugenini. Msimu uliofuata ilifika nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa, ikatolewa na Al Ahly. Asiyevumilia msimu mmoja mbaya hurudi sokoni kununua jina kubwa, na mzunguko huanza upya.

Karatasi ya tarehe

Chombo muhimu kuliko vyote katika kazi hii ni karatasi moja ya mistari. Andika wachezaji wote kwa mpangilio wa tarehe ya mwisho ya mkataba. Kando ya kila jina weka umri atakaokuwa nao siku hiyo, mshahara uliobaki wote, na chanzo cha pesa itakayoulipa. Mikataba minne mikubwa ikiisha mwaka mmoja, wachezaji wote wanne watadai bei kwa wakati mmoja, kwa hiyo itawanye. Mtu aliyefikisha miaka 31 mpe mwaka mmoja, na wa pili ufunguke kwa idadi ya mechi alizocheza. Mshahara wa msingi uwe wa kiasi, bonasi iwe nono, kwa sababu bonasi hulipwa pale timu inaposhinda.

Safu ya mwisho, ile ya chanzo cha pesa, ndiyo ambayo klabu nyingi za ukanda wa shaba huiacha wazi. Ikisomeka jina la mtu mmoja au la mgodi mmoja, mkataba usizidi muda ambao mtu huyo au mgodi huo umeahidi kwa maandishi. Mwenyekiti atakayeshikilia kanuni hiyo usiku wa ubingwa, wakati uwanja mzima unataja jina la mfungaji na wakala wake amekaa ofisini akisubiri saini, atakuwa ameokoa pesa nyingi kuliko atakayeanza kujadiliana na mchezaji huyohuyo miaka miwili baadaye.