Mwenye Nguvu Akae Mbele, Asiongeze Mwendo

Barabara inayotoka Kasese, nchini Uganda, kuelekea kusini hadi daraja la Katunguru huwadanganya waendesha baiskeli wengi. Iko kwenye sakafu ya Bonde la Ufa, mita 900 na ushei juu ya usawa wa bahari. Imenyooka, haina mlima wa kutisha, na urefu wake ni kama kilomita 40 hivi. Kijana mwenye mapaja ya mazoezi akiiona lami ile huona uwanja wa kuonyeshana ubabe. Baada ya muda mfupi kundi limekatika vipande, walio nyuma wamebaki kila mtu na lwake ndani ya hifadhi ya Queen Elizabeth, na zoezi la pamoja limekwisha kabla halijaanza.

Mahali tambarare, kinachokula nguvu zako ni hewa. Ukifikia kilomita 30 kwa saa, sehemu kubwa ya jasho lako inalipia kuisukuma hewa iliyo mbele yako, na deni hilo hupanda kwa kasi mno: nguvu inayohitajika kuishinda hewa hukua kwa kipeo cha tatu cha mwendo. Toka kilomita 30 kwa saa uende 36, yaani ongezeko la asilimia 20 tu, na hewa itakudai nguvu zaidi kwa asilimia 70 na kitu. Mwenye kifua anaweza kulipa. Lakini hata aliyejikinga nyuma yake naye bili yake imepanda kwa kiasi hichohicho, na huenda alikuwa tayari ukingoni mwa uwezo wake.

Kujikinga kwenyewe kuna faida kubwa. Mwaka 2018 Bert Blocken na wenzake walichapisha utafiti kuhusu kundi la mashindano lenye waendeshaji 121, wakaonyesha kwamba waliozama ndani kabisa walikutana na asilimia 5 hadi 10 tu ya ukinzani wa hewa anaokutana nao mtu aliye peke yake. Kundi la watu wanane haliwezi kufika huko, lakini ukikaa vizuri nyuma ya gurudumu la mwenzako, nafuu utaisikia miguuni mara moja. Hata wa mbele hufaidika kidogo kwa kuwa na mtu nyuma yake.

Ndiyo maana nasisitiza jambo moja kwa kila kundi la mazoezi: tofauti ya nguvu ilipwe kwa muda, isilipwe kwa mwendo. Aliye imara akae mbele dakika tano, anayejifunza akae nusu dakika au apite tu, na mwendo ubaki uleule. Kwa njia hiyo kila mmoja anapata zoezi la kiwango chake, na wote wanafika darajani pamoja.

Kundi huharibika zaidi pale zamu inapobadilishwa. Tazameni kwa makini siku moja. Aliyemaliza zamu anageuza shingo kuangalia lori, anatoa ishara, anatoka pembeni kwa upole na kupunguza kukanyaga. Wa pili sasa anapigwa na upepo usoni, anasisimka, na bila kujua anaongeza kilomita mbili tatu kwa saa. Yule aliyetoka, ambaye ndiye mchovu kuliko wote, analazimika kukimbilia mkia wa kundi. Zamu mbili tatu za namna hiyo zinamtupa nje. Anayepokea uongozi asibadili lolote kwa nusu dakika ya kwanza. Aendelee kukanyaga kama alivyokuwa akikanyaga.

Na jamani, gurudumu lako la mbele lisiwe ubavuni mwa gurudumu la nyuma la mwenzako. Akikwepa shimo na gurudumu lake likakugusa, yeye atayumba tu, lakini wewe utaanguka, na barabara hii ina malori yanayokwenda na kutoka mpaka wa Mpondwe. Kwa sababu hiyohiyo, upepo wa ubavuni ukivuma msijipange mshazari kama mnavyoona kwenye televisheni. Huko barabara hufungwa, hapa haifungwi. Kaeni mstari mmoja, mpunguze mwendo.

Tembo wakivuka, simameni mbali, ikiwezekana nyuma ya gari, wala msipige kengele. Viboko wa Mfereji wa Kazinga hutoka majini usiku kwenda kula nyasi, kwa hiyo giza lisiwakute Katunguru mkiwa juu ya baiskeli.

Joto la bondeni ni kali, na akiba ya wanga iliyomo kwenye misuli na ini haitoshi safari ndefu. Anzeni kula kabla ya njaa: gramu 30 hadi 60 za wanga kwa saa, na ndizi mbivu mbili za ukubwa wa kawaida zinafika humo. Kinywaji si lazima kiwe cha dukani. Lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazisha, vinafaa kabisa.

Wanaotaka kuvuka daraja na kupanda Kichwamba wajue kwamba hesabu inabadilika. Mwendo ukishuka chini ya kilomita 15 kwa saa mlimani, hewa haina neno; uzito ndio unaotawala, na kujikinga hakusaidii sana. Hapo kundi livunjike kwa makubaliano, kila mtu apande kwa pumzi yake, na wa kwanza wawasubiri wenzao juu.

Wakati wa kurudi, uamuzi mgumu unafanyika Kikorongo, pale karibu na mstari wa ikweta ambapo njia ya Bwera inachepuka kwenda magharibi. Wenye nguvu watataka kuongeza safari. Waende, lakini waliochoka wasiachwe warudi Kasese mmojammoja: angalau mtu mmoja imara ageuke nao, akae mbele yao hadi mjini, kwa mwendo ambao aliye nyuma kabisa bado anaweza kuzungumza.