Mzae, Wacha Mtoi Ashike Spana

Kila Januari rizoti za KCSE zikitoka, kila ploti inapiga hesabu moja: nani ameshika C+? Yule ameshika, mathe anazunguka mtaa akisalimia hadi wale huwa haongei nao, maanko wanatuma doo, na Jumapili jina linasomwa kanisani. Yule ameangukia D, simu za ushago zinaachwa zilie. Usiku fathe anakata kesi: "Basi huyu aende ufundi." Mtoi mwenyewe haulizwi kitu. Hajui ni ufundi gani, chuo gani, wala atamaliza lini. Anajua tu amehukumiwa.

Hapo ndio noma inaanzia, na nataka tuibonge bila kuzunguka. Ufundi ni kazi ya akili na mkono. Uko na shule yake, uko na ngazi yake, na unaweza kufanya msee aomoke. Lakini mzae akiugeuza kuwa adhabu, anaharibia mtoi kazi kabla hajaigusa. Dogo anaingia darasani na aibu, anasoma nusu nusu, anaficha ovaroli kwa begi akipanda mathree. Msee wa hivyo hawezi toka fundi mkali, hata chuo kiwe na mashine za aina gani.

Piga hesabu na mimi

KCSE ya 2024 ilifanywa na watoi 962,512. Wenye walishika C+ kwenda juu, ile gredi ya kuingia kampo, walikuwa 246,391. Ukitoa, wanabaki 716,121. Huo ni mwaka mmoja tu, na ni karibu watatu kwa kila wanne. Ka kwenu plani ni kampo pekee, basi watoi wengi hivyo wanaambiwa wamefeli maisha wakiwa hata hawajaonja jobo.

Sasa cheki upande wa jobo. Ripoti ya uchumi ya KNBS ya 2025 ilisema nchi ilipata jobo mpya 782,300 mwaka wa 2024. Kati ya hizo, 703,700 zilikuwa za jua kali. Zile za kuandikwa kwa barua na kupewa pesilipu hazikufika elfu themanini nchi nzima. Ndio maana unapata msee amemaliza digrii, ametarmaki hadi soli za viatu zikaisha, halafu anaingia tu kwa ile jua kali mathe alimkataza. Tena anaingia mikono mitupu, anaanza kufunzwa kushika grinda na dogo amemzidi ujuzi miaka sita. Watoi wetu wengi watapitia jua kali, na digrii ama bila. Kitu mzae anaweza kusaidia mapema ni mtoi aingie huko akijua kitu.

Wazae hawakuwa wajinga

Mayut hupenda kusema wazae wanang'ang'ania kampo juu ya sifa. Sifa ziko, lakini nyuma yake kuna stori ndefu, na tukiijua tutabonga nao vizuri.

Enzi za mkoloni, Mwafrika alisukumiwa elimu ya mikono. Mwaka wa 1924 tume ya Phelps-Stokes ilizunguka Afrika Mashariki ikitaka shule za Waafrika zikazanie kilimo na ufundi. Mwaka huo huo Kabete ikafunguliwa kituo cha kufunza Waafrika kazi za mikono, na hicho ndio leo tunaita Kabete National Polytechnic. Kalamu na viti vya ofisi vilikuwa vya wengine. Guka na shosho zetu waliisoma hiyo rada mapema. Wengine walichanga, wakajenga shule zao wenyewe ndio watoto wasome vitabu kama watoto wa wengine. So leo mzae akisikia mtoi wake anataka spana, anaogopa anarudishwa nyuma ya ile laini familia ilipigania kuvuka. Hiyo hofu iko na heshima yake.

Uhuru ulipokuja hatukurekebisha mambo vizuri. Mwaka wa 1966 baraza la makanisa, NCCK, lilitoa ripoti kuhusu watoto wanaomaliza praimari bila pa kwenda, na kutoka hapo polytechnic za vijiji zikazaliwa. Ilikuwa aidia poa, ila ikashika jina la pahali pa waliokosa sekondari. 8-4-4 ikaingia 1985 na useremala na ufundi wa chuma, lakini shule mob hazikuwa na waksho wala vifaa. Halafu 2013, Kenya Polytechnic na Mombasa Polytechnic, vyuo ambavyo vilikuwa vimetoa mafundi kwa miaka mingi, vikafanywa kampo. Ata nchi yenyewe ilikuwa inaambia watoi kwamba polytechnic ni pa kupita tu.

Lakini cheki kitu kilichouma guka. Hakuna mtu alimuuliza anataka nini, ndio kilimuuma. Spana yenyewe haikuwa na kosa. So mzae akikata kesi usiku na kumsukuma mtoi wa D aende ufundi, anarudia ile kitu guka alikataa. Na akimlazimisha dame aende akasomee biashara kampo na roho yake iko kwa injini, ni ile ile. Tunadai heshima ya kuchagua, kwa pande zote mbili.

Spana ya siku hizi inataka kichwa

Tembea Grogan, ama Kariobangi Light Industries, ama Kamukunji penye nyundo zinalia kutoka asubuhi. Utapata mafundi wakali waliojifunza kwa macho, kwa kukaa kando ya fundi mkubwa na kumpatia spana namba kumi na nne. Hao ni walimu, na tuwaheshimu. Lakini kazi imebadilika. Siku hizi Prius inaingia gereji ikiwa na betri ya volti zaidi ya 200, na kubahatisha hapo kunaweza kuua msee. Kazi ya stima na ya sola inataka leseni ya EPRA, ile mamlaka ya kawi. Mwenye nyumba akitaka paneli juu ya paa, anauliza cheti kabla aulize bei. Ata kwa mjengo, fundi anayeweza kusoma ramani ndiye foremani anampigia wa kwanza, na jioni hapokei sawa na mtu wa mkono.

Hii kazi iko na ngazi. Mtoi aliyepata E anaweza anza na kozi ya atisani. D inamfungulia krafti, C- inamfungulia diploma. Akimaliza krafti anaenda diploma, na akimaliza diploma mlango wa digrii uko wazi. Kuna pia mitihani ya NITA, gredi tatu hadi gredi moja, ambayo fundi wa mtaani anaweza kukalia bila kurudi fom wan. Na kuna mpango wa RPL, chini ya KNQA, wa kutambua ule ujuzi msee alipata kazini. Yaani ata fathe mwenyewe, ka amekuwa plamba miaka ishirini bila karatasi, anaweza pata cheti.

Doo je? Chini ya ile modeli ya 2023 ya kufadhili elimu, ada ya TVET za serikali, yaani vyuo vya ufundi, iliwekwa shilingi 67,189 kwa mwaka, na HELB inakopesha watoi wa TVET vile inakopesha wa kampo. Chuo mob kiko karibu na kwenu, so mtoi anaweza lala kejani na kuokoa doo ya rent.

Penye kampo inashinda

Sisemi kampo ichorewe. Nataka daktari wangu awe amesoma miaka yote inahitajika. Nataka wakili, injinia wa daraja, mwalimu wa sekondari, msee wa utafiti. Ka mtoi wako analala na vitabu vya bayolojia na anaona raha huko, uza ng'ombe, chukua loni, mpeleke. Na kampo inapatia mtu kitu kingine pia: kubishana na watu wa kila kabila, kusoma vitu ambavyo havina bei sokoni, kujua dunia ni kubwa. Hiyo ni mali.

Kenye kinaniuma ni kozi ya kushika nafasi. Mtoi anachaguliwa kozi hajui inahusu nini, juu tu jina la kampo linabamba kwa sherehe. Familia inauza shamba, miaka minne inaisha, na hakuna mtu kwenu aliwahi kumtafuta ata msee mmoja anayefanya hiyo kazi na kumuuliza anaishi vipi.

Ufundi pia uko na uchungu wake

Tusidanganyane. Mgongo unauma. Macho ya welda bila miwani yanaharibika. Kuna mteja anachukua mlango wa chuma na kuanza kukwepa simu. Kuna wiki mbili bila kazi, halafu siku tatu bila usingizi. SHA na NSSF hakuna mtu anakukatia, unajilipia mwenyewe ama unakosa. Na kuna vyuo vimeandikwa TVET kwa geti lakini ndani mashine ni moja na wanafunzi arobaini wanaangalia tu. Mtoi akitoka huko na cheti bila mkono, mtaa utamjua siku ya kwanza.

Ndio maana mzae anahitajika hapa kuliko ata kule kampo. Ufundi bila sapoti ya nyumbani ni ngori.

Mzae, ka unataka aomoke

Anza kubonga kabla ya rizoti. Mtoi akiwa Gredi 8, muulize anapenda kufanya nini bila kusukumwa. Likizo ikifika, mpeleke kwa fundi unayemwamini akae hapo siku kadhaa. Mpeleke pia ofisini kwa msee unayemjua. Acha aone zote mbili kwa macho yake.

Kabla ulipe chuo, cheki ka TVETA imekipatia leseni. Halafu usiishie kwa ofisi yenye kalenda na soda. Omba kuona waksho. Mashine ziko na grisi ama ziko na vumbi? Wanafunzi wangapi kwa mashine moja? Watoi wa mwaka jana walienda atachimenti wapi, na nani aliwatafutia? Chuo chenye kinafunza kweli hakiogopi hayo maswali.

Nunua vifaa. Mtoi akienda kampo mnamnunulia laptopu, godoro na shopingi. Akienda ufundi, wengi wanampa nauli tu. Fundi bila tulboksi ni mtu wa mkono. Tester, spana, spirit leveli, miwani, glovu: anza kidogo kidogo, vitu vya ukweli, si vya kuvunjika wiki ya pili.

Mfunze biashara. Mafundi wengi wanaangushwa na hesabu wakiwa na mkono mzuri kabisa. Aandike kwotesheni, achukue dipositi kabla anunue vyuma, awe na till yake ya M-Pesa, atenganishe doo ya kazi na doo ya kumanga. Ka mathe anauza mboga, hayo yote anayajua, na anaweza kuyafunza jioni moja mezani.

Na dame akisema anataka welding ama stima, usimwambie hiyo ni ya maboyz. Muulize tu kile ungeuliza kaka yake: chuo gani, vifaa gani, utaanza lini? Kisha umsindikize.

La mwisho, mtambulishe na kifua mbele. "Huyu ni wangu, anasomea umekanika." Sema kanisani, sema chamani, sema kwa maanko. Mtoi akisikia hivyo, atavaa ovaroli yake kutoka kejani.

Na wewe mtoi

Usikimbilie ufundi juu umechoka kusoma. Hesabu iko huko, fizikia iko huko, na kurauka saa kumi na moja iko huko. Chagua juu unapenda kutengeneza kitu kikasimama. Kisha bonga na mzae kwa heshima. Kuja na jina la chuo, ada, miaka ya kozi na majina ya wasee wawili wanaofanya hiyo kazi. Mzae hapingani na plani iliyopangwa. Anaogopa giza.

KCSE ya mwisho ya 8-4-4 ni 2027. Mbogi ya kwanza ya CBC iliingia Gredi 10 Januari 2026, na kabla ya kuingia huko mtoi anachagua njia kati ya sayansi na teknolojia, masomo ya jamii, na sanaa na michezo. Yaani hii mazungumzo haingoji tena gredi za fom foo, inaanza mtoi akiwa na miaka kumi na nne. So wiki hii, mkishamaliza kumanga, zima tivii, muulize mtoi anataka kuwa mtu wa kazi gani, na umsikilize hadi mwisho bila kumkatiza. Akisema wakili, pangeni. Akisema makanika, pangeni na nguvu ile ile na doo ile ile.