Hazina Isiyo na Kikasha

Hilbre, kwenye mlango wa mto Dee kaskazini-magharibi mwa Uingereza, huwa kisiwa kwa saa chache tu kila maji yanapojaa. Yakipwa, watu huvuka kwa miguu kutoka mji wa West Kirby, mwendo wa kilomita 3 hivi juu ya mchanga, wakipitia visiwa viwili vidogo, Little Eye na Middle Eye. Mahali kama hapa humtamanisha msaka hazina. Mchezo wa kusaka hazina kwa GPS ulizaliwa Mei 2000, mara tu Marekani ilipoacha kuwapunguzia raia usahihi wa setilaiti zake: Dave Ulmer alificha ndoo porini huko Oregon, akatangaza ilipo, na leo vikasha vimefichwa karibu kila pembe ya dunia. Kwa Hilbre naukubali mchezo huu, ila nakikataa kikasha.

Sababu ni ndege. Majira ya baridi makundi makubwa hushuka Dee kutoka Greenland na kaskazini mwa Kanada kuchokoa matope kutafuta chakula. Maji yanapojaa, hasa wakati wa bamvua, matope hufunikwa, nao hujibana miambani wakingoja yapwe. Mapumziko hayo ndiyo akiba yao. Kila wanapofurushwa huteketeza mafuta waliyoyahangaikia kwenye baridi. Sasa mtazame msaka kikasha: anaacha njia, anapapasa nyufa, anapindua mawe, yaani anavamia palepale viumbe walipojificha. Hata sili, ambao kwa mamia hulala kwenye fungu la mchanga la West Hoyle ng'ambo ya kisiwa, hujitosa majini mtu akiwasogelea, ilhali kwa darubini wanaonekana vizuri kutoka Hilbre.

Atauliza mtu: mtoto atatembea kilomita 3 kwa ajili ya nini, kama mwisho wake hakuna cha kushika? Ni swali la haki, lakini linawadharau watoto. Tangu 2004 mchezo huu una aina isiyo na kikasha, ambayo msaka hutakiwa kujibu maswali kuhusu miamba na ardhi aliyoifikia. Hilbre ina maswali tele. Jiwe lake ni jekundu kwa sababu ya chuma, na ni mchanga ulioganda zaidi ya miaka milioni 200 iliyopita. Tabaka zake zimelala mshazari, na anayezichunguza anaweza kukisia maji yaliyouleta mchanga huo yalielekea wapi. Kisha kuna yule ndege mfupi anayepindua vijiwe kwa mdomo akitafuta wadudu. Anafanya nini akikuta jiwe zito? Jibu hupatikana kwa kutulia na kutazama tu. Ndege wa aina hiyo huonekana pia Mida, karibu na Watamu, na kwenye fukwe za Zanzibar wakati wa kaskazi, kwa hiyo mtoto wa huku anaweza kuulizwa swali lilelile.

Wapo wanaotaka watu wasifike kabisa. Lakini njia iko wazi na watu wanafika. Mwenye swali la kujibu hutulia kuliko asiye na shughuli. Pingamizi zito zaidi ni la usalama, kwamba uhondo wa mchezo humsahaulisha mtu bahari. Huko tofauti ya maji kujaa na kupwa huweza kupita mita 8, wakati bamvua la Zanzibar ni mita 4 hivi, na maji hutangulia kujaza vijito vilivyo kati ya mtu na pwani kabla hajaona dalili mbele yake. Ndiyo maana fumbo la kwanza liwe jedwali la maji, na lijibiwe kabla ya kukanyaga mchanga: kuondoka West Kirby si chini ya saa 3 baada ya maji kujaa, na kuondoka kisiwani si chini ya saa 3 kabla hayajajaa tena. Asiyeweza kulijibu asipewe mafumbo mengine.